Sauti ya Pili

Leo ni tarehe 5 Novemba, siku aliyofariki Mimi Parker mwaka 2022 kwa saratani ya ovari, na tangu jioni nimekuwa nikisikiliza albamu za bendi yake, Low. Sina kawaida ya kuadhimisha vifo vya wanamuziki. Huyu, hata hivyo, aliimba sauti ya pili kwa takriban miaka thelathini, na kwa kuwa nami nimeimba sauti ya pili kwayani tangu utu uzima wangu, namwombolezea kama mtu anavyomwombolezea mwenzake wa kazi.

Low ilianzishwa mwaka 1993 huko Duluth, mji wa bandari ulio kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, katika jimbo la Minnesota. Alan Sparhawk alipiga gitaa na kuimba. Parker, mkewe, ambaye walifahamiana naye tangu shule ya msingi, alipiga ngoma na kuimba. Wapiga besi wakaja na kuondoka. Miaka ile roki ya Marekani ilikuwa ya magitaa yanayonguruma, nao wakachagua kupiga polepole na kwa sauti ya chini. Walipojikuta katika kumbi ambamo watu walizoea kupiga soga mbele ya jukwaa, hawakuongeza sauti ili kushindana na soga hizo, bali waliipunguza zaidi. Waandishi wa muziki wakaubandika mtindo huo jina ambalo wenyewe hawakulipenda, na kwa heshima yao silitaji hapa.

Mpiga ngoma wa roki kwa kawaida huketi, ngoma zimemzunguka, mguu wake ukikanyaga ile kubwa ya chini. Parker alisimama. Mbele yake palikuwa na ngoma mbili na toazi, na mara nyingi mkononi alishika brashi badala ya fimbo. Katika albamu ya kwanza, ya mwaka 1994, ukiweka sikio karibu na spika utaisikia brashi ikitua juu ya ngozi ya ngoma, kisha kimya kirefu kiasi cha kukufanya udhani amesahau zamu yake, kisha inatua tena, pale pale ilipopaswa kutua. Nimejaribu kuhesabu mapigo hayo kwa kidole mezani, na kila mara kidole changu ndicho kinachowahi.

Mwalimu wetu wa kwaya hutuambia kwamba sauti ya pili ikisikika peke yake, imekosea. Nimeiamini kauli hiyo kwa muda mrefu, na ni Parker aliyenitia shaka. Katika nyimbo nyingi anaingia nyuma kidogo ya Sparhawk, bila mtetemo wa koo wala madoido, na sauti ya mumewe, ambayo ikiwa peke yake huwa na ukali na wasiwasi fulani, inatulia ghafla kama mtu aliyeshikwa bega. Lakini msikilize anapoimba peke yake! Katika albamu ya mwaka 2013, iliyotayarishwa na Jeff Tweedy mjini Chicago, aliongoza nyimbo tano kati ya kumi na moja, na maoni yangu ni kwamba jambo hilo lilichelewa miaka kumi.

Mwaka huo huo, katika tamasha moja la wazi mjini Minneapolis, walipanda jukwaani wakapiga wimbo mmoja tu, kwa dakika 27, wakashuka. Baadhi ya waliohudhuria walikasirika, na siwezi kuwalaumu, ingawa ningetoa chochote kuwa miongoni mwao.

Watu waliowafahamu kama bendi ya upole walipata mshtuko walipozigeukia kelele. Mgeuko huo ulianza mwaka 2005, ukafika mbali zaidi mwaka 2018 katika *Double Negative*, albamu waliyoitengeneza na mtayarishaji BJ Burton, ambamo kila ala imekwaruzwa na kusagwa hadi huitambui. Nilipoiweka nyumbani kwa mara ya kwanza, mdogo wangu alitoka jikoni na mikono yenye unga, akainama nyuma ya spika na kuanza kukagua waya. Nikamwambia spika ni nzima. Akasikiliza kidogo, akauliza, "Sasa huyo mama anayeimba humo ndani, wamemfungia wapi?" Sijasoma uhakiki wa albamu hiyo unaolizidi swali lake.

*Hey What*, ya mwaka 2021, ndiyo niipendayo kuliko zote kumi na tatu. Humo ngoma karibu zimetoweka, magitaa yamekuwa ngurumo tupu, na juu ya ngurumo hiyo sauti mbili zimeachwa safi, zikitembea bega kwa bega. Parker alikuwa amegunduliwa ugonjwa wake Desemba 2020, na sisi wasikilizaji tulikuja kujua baada ya albamu kutoka. Nikiisikiliza sasa natafuta dalili katika pumzi zake, na sizioni. Anashika noti yake kama alivyoishika mwaka 1994.

Baada ya kifo chake jina la Low halikuendelea. Mwaka 2024 Sparhawk alitoa albamu ambayo karibu yote ameipitisha sauti yake kwenye mashine, mpaka haifanani na ya mtu yeyote, na nikiri kwamba niliizima nilipofika katikati, nikairudia baada ya wiki kadhaa. Mwaka 2025 akatoa nyingine pamoja na Trampled by Turtles, bendi rafiki kutoka Duluth hiyo hiyo, na humo sauti yake imerudi bila kufichwa. Kuna wimbo mmoja ambao binti yao anaimba pamoja naye. Niliusikia kwa mara ya kwanza nikiwa napiga pasi, na nikalazimika kuisimamisha pasi wima, kwa sababu alipoingia, aliingia nyuma kidogo ya baba yake.