Kinyonga hapangwi kama maharusi

Usiku walioniitia mwizi kule Uru, mlimani Kilimanjaro, nilikuwa nimepiga magoti kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mzee mmoja, tochi kichwani, kamera mkononi, nampiga picha kinyonga aliyelala kwenye jani la isale. Ilikuwa saa tatu na nusu. Mama mmoja aliyetoka kufungia mbuzi akaona mwanga unatembea kwenye mibuni, akapiga yowe, na kabla sijasimama vizuri walishafika wanaume wanne, mapanga mawili na mbwa mwenye hasira kuliko wote.

"Unatafuta nini huku?"

"Kinyonga."

Sijawahi kutoa jibu baya kama lile. Mwizi wa kahawa anaeleweka, ana njaa au ana tamaa. Mtu mzima anayetafuta kinyonga usiku kwenye kihamba cha watu ni mwendawazimu au mchawi, na wote wanne walionekana kuegemea kwenye uchawi. Nikakaa chini kwenye udongo, nikawageuzia kioo cha kamera. Mwenye kihamba akainama, akatoa miwani mfukoni, akaangalia tena.

"Ana pembe," akasema.

"Ndiyo mzee. Mbili. Huyo ni dume."

"Mimi nimezaliwa hapa hapa."

Alisema kama mtu aliyegundua mpangaji chumbani kwake baada ya miaka sabini. Nikamwonyesha kinyonga mwenyewe, bado amelala, hatua moja tu kutoka pale tulipokuwa tunabishana, mkia umejikunja kama jalebi. Mzee akamtazama muda mrefu bila kumgusa, kisha akawaambia wenzake kwamba aliyekutwa kwenye isale hapigwi. Kwetu Wachagga isale ndilo jani la kuombea msamaha, kwa hiyo hata mbwa akakubali. Usiku uliishia kwenye kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na tangu hapo siingii kijijini kwa watu bila kupita kwanza kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi wa pale ananiita meku, yaani mzee, wa vinyonga. Nimezoea.

Kazi inayonilisha ni picha za harusi, komunio na kipaimara. Mkipanda kuja Moshi Desemba ndio msimu wetu wa mavuno. Lenzi yangu ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ile ya milimita 100, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2019 kwa ajili ya pete, maana siku hizi bibi harusi anataka pete ionekane mpaka mchoro wa ndani. Mwaka uliofuata harusi zikaahirishwa moja baada ya nyingine, lenzi ikalala kwenye begi mpaka nikaogopa itaota ukungu. Siku moja nikaitoa ipate jua nyumbani kwa shangazi, Pasua. Kwenye ua wake wa michongoma palikuwa na kinyonga wa kawaida wa kijani, yule mwenye vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa. Nikapiga picha 200 mchana ule. Karibu zote zilikuwa mbovu, ila sikulala.

Sisi wa harusi tuna ugonjwa wa kupanga. Bwana harusi shika kiuno, bibi harusi kidevu juu, wazazi sogeeni ndani, wewe wa miwani ivue. Ugonjwa ule niliuhamishia kwa wanyama bila kujua. Jani bovu nikaling'oa. Tawi likiwa nyuma ya kichwa nikalivunja. Kinyonga akinigeuzia mgongo nikamzungusha kwa kijiti. Nilikuwa na picha nzuri sana wakati ule, na nyingi nimezifuta.

Sababu ya kuzifuta ni jike mmoja wa pale pale Pasua. Ilikuwa baada ya mvua, udongo laini, nikamkuta chini kabisa, katikati ya uwanja, anatembea kwa ule mwendo wake wa kusitasita kama anakumbuka kitu kila hatua. Tumbo kubwa, rangi imejaa madoa. Nikajiambia masikini, ameanguka. Nikamchukua, akanifunulia kinywa na kunizomea, nikamweka kwenye ua la waridi la shangazi ambalo lilikuwa limechanua vizuri. Nyekundu na kijani, mnaelewa. Shangazi alikuwa barazani anachambua mchele.

"Mwache huyo mdudu, utapata mkosi."

"Shangazi, hana sumu huyu."

"Sijasema sumu. Nimesema mwache."

Nikapiga picha zangu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa chini tena, mahali pale pale. Nikamrudisha kwenye waridi. Mara ya tatu sikumkuta.

Nilikuja kujua baadaye, nikisoma, kwamba vinyonga wa aina ile hutaga, na jike akikaribia kutaga ndipo hushuka mtini kutafuta udongo. Anachimba kwa mikono ya mbele na kichwa, saa nyingi, anageuka anaingia kinyumenyume, anataga mayai yake, mara nyingi zaidi ya 20, kisha anarudishia udongo na kuukandamiza mpaka usijue palichimbwa. Mayai yanakaa ardhini miezi. Yule jike hakuwa ameanguka. Alikuwa anakwenda leba, na mimi nikamtoa njiani mara mbili nikampeleka studio. Shangazi hakuwa amesoma popote, aliona tu mama mwenye tumbo.

Huyu wa Uru, wa pembe, ni mwingine. Wataalamu wanamwita Kinyongia tavetana. Jina la pili limetoka Taveta, pale ukivuka mpaka wa Holili. Alielezwa kisayansi mwaka 1891. Jina la kwanza ndilo ninalolipenda. Mwaka 2006 wataalamu walipolitenga kundi lake na vinyonga wengine, walichukua neno letu wenyewe, kinyonga, wakaliongezea herufi moja. Nilimweleza hilo yule mzee, akacheka mpaka akakohoa. Pembe zenyewe usizifikirie kama za ng'ombe. Ni bapa, zimetokeza mbele ya pua kama visu viwili vya kupakia siagi, na zina magamba. Jike hana.

Watu huniuliza kwa nini usiku. Mchana kinyonga anakuona kabla hujamwona. Kila jicho linakwenda njia yake, na akikuona anazunguka upande wa pili wa tawi polepole sana, unabaki unatazama majani. Usiku analala nchani mwa tawi jembamba, na ngozi yake inapauka. Ukipitisha tochi kwenye ua, majani yanabaki kijani na yeye anaonekana mweupe kama kipande cha karatasi kilichonasa. Kulala nchani kuna akili yake: nyoka akipanda, tawi linatikisika, yeye anajiachia anaanguka.

Ila picha ya usiku siipendi sana. Amefumba macho, na kumwangazia mtu aliyelala ni kukosa adabu hata kama ni kinyonga. Kwa hiyo usiku napiga mbili au tatu, nakumbuka mti, naondoka. Narudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hapo ndipo pazuri. Jua la kwanza likigusa, anajibapaza ubavu, na ubavu ule wa jua unakuwa mweusi ili ushike joto, wakati ubavu wa kivuli bado umepauka. Rangi mbili kwa mnyama mmoja, kwa wakati mmoja. Halafu mtu anakwambia kinyonga anafanana na anachokanyaga. Anabadilika kwa joto, kwa mwanga, kwa woga, kwa kumwona dume mwenzake. Jina lake tumewapa wanasiasa bure tu, hakuomba.

Kwa wanaouliza vifaa: tundu la lenzi f/11, kasi 1/200 ya sekunde, flashi imefunikwa kwa kipande cha dumu jeupe la mafuta ya kula la lita tano. Dumu hilo limeshinda vifaa viwili nilivyoagiza kwa hela. Mwanga unatoka laini kama wa dirishani na magamba hayang'ai. Jicho liwe kali. Jicho likififia, hata mkia ukiwa mzuri vipi, futa. Na ulale chini. Picha ya mjusi iliyopigwa umesimama ni ripoti ya polisi.

Masika nashuka. Kuanzia mwishoni mwa Machi mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni yanaimba usiku mzima, na hapo ni vyura tu. Kuna mkubwa anayekoroma kama babu baada ya pilau. Kuna wadogo wa kwenye nyasi, hawafiki urefu wa kidole gumba, sauti yao ni kijiko kinachogonga glasi, lakini glasi elfu moja. Ukisogea wote wananyamaza. Unazima tochi, unasimama na maji yameingia ndani ya gambuti, unahesabu pumzi zako, mbu wanakula. Baada ya dakika tano hivi mmoja jasiri anaanza, wa pili anajibu, na ndani ya nusu dakika umesahaulika. Ukiwasha hapo, taratibu, kutoka pembeni, utamkuta amefura koo mpaka limekuwa puto kubwa kuliko kichwa chake, ngozi nyembamba kiasi kwamba mwanga unapita.

Mbu hao ni mtihani, maana dawa ya mbu mikononi huwezi kupaka. Chura ananyonya vitu kwa ngozi, na ulichojipaka wewe kinaingia kwake. Mimi sasa simgusi kabisa, ila mikono huwa inasahau, hasa ya mtu wa harusi, kwa hiyo naiacha mitupu, nakuna.

Pembeni ya dimbwi moja huko kuna mgunga ambao kijana anayelinda maji aliniambia una uchafu, wanawake wanamwagia sabuni. Povu jeupe, ukubwa wa embe, limening'inia tawini juu ya maji. Hakuna anayefulia juu ya mti. Ni kiota cha chura. Jike anatoa ute, miguu ya nyuma inaupiga kama mtu anayepiga mayai ya keki, madume wanasaidia au wanasumbua, ni vigumu kujua, na mayai yanabaki ndani ya lile povu. Nje linakauka, ndani linabaki na unyevu. Siku chache baadaye viluwiluwi vinadondoka majini kimoja kimoja. Nilikaa chini ya ule mti jioni tatu kwa ajili ya hilo. Jioni ya tatu niliona matone matano, na kwenye kamera ninayo moja, imetikisika. Yule kijana naye alikaa na mimi, akaacha simu mfukoni, na tone la kwanza lilipoanguka yeye ndiye aliyenishika bega.

Njia ya kurudi kutoka hapo ndipo nilipokutana na kifutu, kwenye kingo ya mfereji, mnene kama mkono wangu, amejilaza kwenye nyasi kavu na hana haraka na mtu. Kifutu hakimbii, ndiyo maana anakanyagwa. Kabla sijamwona alishanionya kwa ile pumzi yake nzito. Nilipiga picha mbili kutoka mbali kwa lenzi ndefu, mikono inatetemeka, nikazunguka. Sina ushujaa wa nyoka. Nina fimbo, gambuti, na namba ya dereva wa bodaboda anayejua njia ya hospitali ya KCMC usiku. Masuala ya kuchanja, kufunga kamba na kubandika jiwe jeusi nawaachia wenyewe, mimi mkiniona nimeumwa nipelekeni hospitali.

Jambo moja limenigombanisha na wenzangu wawili watatu: siandiki mahali nilipopigia picha. Wananiona mchoyo. Upande wa Arusha, kwenye mlima Meru, kuna kinyonga mdogo wa pembe tatu, dume utadhani kifaru wa kuchezea, na aina yake ile ni ya mlima huo tu. Nilimpata mara moja, asubuhi baada ya harusi, bado nina suti. Picha niliiweka mtandaoni, na ndani ya siku mbili mtu nisiyemjua akaniandikia akiuliza ni barabara gani, uzio wa nani, na kama naweza kupata kumi. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na huyu alikuwa anaagiza kama maparachichi. Sasa kabla ya kuweka picha nafuta taarifa za mahali zilizojificha ndani ya faili, na hata hapa nimesema Uru, ambayo ni kubwa, na ua wa isale, ambao uko kila kihamba.

Mwaka huu, mwezi wa tano, shangazi akanipigia saa nne asubuhi. Nilikuwa nahariri kipaimara cha watu.

"Mama yako ameshuka," akasema.

"Mama yangu yuko Marangu, shangazi."

"Yule wa mkosi. Yuko uwanjani. Nimewafungia kuku."

Nikafika nikamkuta ameshaanza kuchimba, chini ya kibanda cha kuku, mahali pabaya kuliko pote kwa mwanga. Nyuma kuna ndoo iliyopasuka na ndala moja ya mtoto. Mkono ukaenda kwenye ile ndala kuiondoa, ukarudi. Nikalala kwa tumbo hatua nne kutoka kwake, na nikabaki hapo mpaka saa kumi jioni. Shangazi aliniletea chai mara mbili, akaiweka chini bila kusema, akitembea kwa ncha za vidole kwenye uwanja wake mwenyewe.

Nina picha moja ninayoipenda kati ya zote. Mgongo wenye vumbi, mkia, kifusi kidogo cha udongo mwekundu, na ndala. Nilimwonyesha shangazi kwenye kioo cha kamera. Akaitazama, akaisogeza karibu na macho.

"Uso uko wapi?"

"Shimoni."

"Basi umefanya kazi siku nzima kupiga picha ya makalio," akasema, akaenda kufungulia kuku upande wa pili wa nyumba.