Pole niliyopewa Limerick

Nimerudi Unguja mwezi uliopita, baada ya miaka kumi na moja Limerick, Ayalandi. Watu wananiuliza habari za baridi na mshahara. Jioni zangu nilizipitisha wapi, hakuna aliyeuliza. Nilizipitisha baa, na mimi pombe sinywi.

Mara ya kwanza niliingia kwa sababu mwenye chumba nilichotaka kupanga alitaka tuonane pale. Mwenye baa aliniletea buli la chai, maziwa kando, na wiki ya pili alishalijua jina langu. Wenzangu wakisubiri bia yao ya Guinness itulie, maana humiminwa mara mbili na kati yake haiguswi, nami nasubiri chai yangu ikolee. Hununuliana kwa zamu. Ilipofika yangu niliwaambia pombe siwezi kumnunulia mtu. Wakasema basi lete karanga, na tangu siku ile karanga za meza ile zikawa zangu.

Agosti 2018 Limerick walichukua ubingwa wa hurling, ule mchezo wao wa magongo, kwa tofauti ya pointi moja. Mara ya mwisho ilikuwa 1973. Mzee mmoja aliyekuwa akikaa pembeni ya moto alilia kama mtoto, akawa anayataja majina ya ndugu zake waliokufa bila kuiona siku ile. Watu wakamwacha alie, wakamshika mabega tu.

Machi 2020 baa zote zilifungwa kwa ajili ya korona. Zilizopika chakula ziliruhusiwa kwanza; yetu haikuwa na jiko, kwa hiyo haikufunguliwa mpaka Septemba. Ndani ya miezi ile mama yangu alifariki huku nyumbani. Ndege hakuna. Nilisoma Yasini peke yangu chumbani, nikasikia hodi. Mwenye baa alikuwa amesimama barabarani, na nyuma yake wenzangu wa mezani, kila mmoja mbali na mwenziwe kama ilivyoamriwa, kofia mikononi. Kwao mtu akifiwa, watu hupanga foleni wampe mkono mmoja mmoja na kusema pole kwa msiba. Mkono siku ile ulikuwa marufuku. Wakapita mmoja mmoja mbele ya mlango wangu, wakainamisha kichwa. Yule mzee wa pembeni ya moto aliniachia mkate kizingitini, bado una moto.

Juzi baada ya Alasiri nilikwenda Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe. Dele la kahawa lipo, bao lipo, ubishi wa siasa ndio ule ule. Ami yangu mmoja akasogea, akapangusa baraza kwa kiganja.

"Mama yako tulimzika wewe hupo."

"Nashukuru, ami. Mungu awalipe."

"Na huko ulikuwa na nani?"

Nikamhadithia yote, na baa nikaitaja kwa jina lake. Kahawa yake ikapoa mkononi. Nilijua ni mtu asiyependa hata kupita mbele ya mlango wa baa.

"Walikuja mpaka mlangoni kwako?"

"Mpaka mlangoni."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ukizungumza nao, wape salamu zetu. Waambie za ukoo mzima."

Nilimpigia mwenye baa usiku ule ule.