Mwalimu wa Peke Yangu: Somo la Kwanza la Kuteleza Mawimbini

Mtu anapoamua kutumia sehemu ya likizo yake kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, swali la kwanza analokutana nalo ni la mfuko: ajiunge na kundi la wanafunzi kadhaa wanaogawana mwalimu mmoja, au aongeze fedha apate mwalimu wa peke yake. Nilichagua njia ya pili, na sababu niliyojipa wakati ule ilikuwa aibu tu, kwa kuwa sikutaka kuanguka mbele ya vijana wa umri wa wanangu. Baada ya somo naiona sababu hiyo kuwa ndogo kuliko zote. Kinachonunuliwa hasa katika somo la namna hii ni macho ya mwalimu, na macho hayo yana kazi mbili: kumtazama mwanafunzi, na kuitazama bahari kwa niaba yake. Kazi ya pili ndiyo yenye thamani zaidi, ingawa mwanafunzi huitambua kwa taabu, maana inafanyika nyuma ya mgongo wake.

Faida yake ilianza kuonekana kabla sijalowa hata kidole. Somo la kundi lina saa yake, na watu kumi hawawezi kupigiwa simu usiku ili waambiwe kwamba mambo yamebadilika. Mwalimu wangu, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumshauri, aliniomba jioni tusogeze somo kutoka alasiri hadi asubuhi na mapema, akanieleza kwamba saa hiyo maji yatakuwa katikati ya kupwa na kujaa, na upepo utakuwa haujaanza. Upepo unaovuma kutoka baharini mchana huuvuruga uso wa maji, ukaleta vijiwimbi vifupi vinavyogongana ovyo, na anayeanza hawezi kutofautisha lipi ni wimbi na lipi ni fujo. Asubuhi hewa hutulia, na wimbi huonekana likija tangu mbali.

Mawimbi mazuri ya mchezo huu, kwa kawaida, hayazaliwi na upepo wa pale ufukweni. Huzaliwa mbali, mahali ambapo upepo mkali umevuma muda mrefu juu ya eneo pana la bahari, kisha husafiri mamia na hata maelfu ya kilomita yakijipanga njiani, mpaka yanafika pwani yakiwa yamepishana kwa sekunde 10 au zaidi. Wimbi likiingia kwenye maji ya kina kifupi, sakafu ya bahari hulipunguzia kasi, nalo hujikusanya na kuinuka. Likifika mahali ambapo kina cha maji ni kama mara 1.3 ya kimo chake, huvunjika. Kwa hesabu hiyo, wimbi la nusu mita huvunjika kwenye maji ya sentimita 65 hivi, yaani ya mapajani. Ndiyo maana mwalimu wa wanaoanza husimama kwa miguu yake mwenyewe sehemu kubwa ya somo, na ndiyo maana mwanafunzi wa siku ya kwanza hana haja ya kupelekwa kilindini. Umbo la sakafu nalo lina neno lake: pale inaposhuka taratibu, wimbi humwagika polepole na povu lake husukuma kwa muda mrefu, pale inaposhuka ghafla, wimbi hujitupa kwa kishindo na kumpigiza mtu mchangani.

Ubao niliopewa ulikuwa wa futi 9, karibu mita 2.7, mnene, umefunikwa sponji juu, na mapezi yake matatu yalikuwa ya plastiki inayopinda. Haukuwa mzuri wa kutazama. Lakini ubao wa namna hiyo una ujazo wa lita 80 na zaidi, wakati ule mwembamba wa bingwa unaweza kuwa na lita 30 tu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaelea kwa utulivu au utakuwa ukipigania kutozama. Wapo watalii wanaoukataa kwa sababu hautoki vizuri pichani. Waache.

Mafunzo ya mchangani yalichukua muda mfupi. Mwalimu aliniomba nikimbie hatua chache kwenye mchanga uliolowa kisha nijiachie niteleze. Mguu uliotangulia ukawa wangu wa mbele, na kamba inayomfunga mtu na ubao wake ikafungwa kwenye kifundo cha ule wa nyuma. Akanionyesha jinsi ya kuweka viganja chini ya mbavu badala ya kushika kingo za ubao, kuinua kifua, kisha kuleta miguu yote chini ya mwili kwa mkupuo mmoja. Hayo yanapatikana katika video yoyote. Ambacho sikukiona katika video ni kile kipande cha nta alichokitoa mfukoni, akanilaza juu ya ubao majini, akasogea pembeni akautazama ukielea, akanisogeza mbele kiasi cha upana wa kiganja, kisha akachora mstari mfupi mweupe mahali kidevu changu kilipofika. Mstari ule ulikuwa wa mwili wangu peke yangu. Nikilala mbele yake, pua ya ubao ilizama na bahari ikanirusha kichwa chini. Nikilala nyuma yake, ubao ulikokota mkia na wimbi likanipita. Katika kundi la watu wanaobadilishana mbao, sioni nani angepata nafasi ya kuchorewa mstari.

Tulipofika mahali pa kazi, maji yakiwa yanamfika kiunoni, aliushika ubao kwa nyuma, uso wangu ukaelekea ufukweni, wake ukaelekea baharini. Tukasubiri. Nilisikia wimbi likija, nikaanza kupiga maji kwa mikono, naye akanituliza: «Hili tuliache, dada.» Likapita chini yetu, likainuka, likajikunja lote kwa pamoja kama mlango unaobamizwa. La pili nalo akaliacha. La tatu sikulisikia kabisa, lakini nikahisi mkono wake ukikaza mkia wa ubao, kisha sauti, «Sasa, piga, piga, piga!» na msukumo mmoja. Mkia ukainuka, kelele za povu zikanizunguka pande zote, na ubao uliokuwa ukiyumba tangu asubuhi ukanyooka na kutulia. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakielezeki mchangani: ubao ulio kwenye mwendo ni imara kuliko ubao uliosimama, hivyo wakati wa kuinuka ni ule ule ambao mwili wote unakwambia ujishikilie.

Nilianza kwa kuinuka kwa magoti. Katika kila mzunguko alinirekebisha jambo moja tu na kuyaacha mengine yakae kwanza. Mara goti: marufuku kugusa ubao. Mara mguu wa nyuma: usogee mbele. Mara macho: «Tazama ile miti kule juu, usitazame miguu, miguu haitapotea.» Aliliacha la macho mwisho, na naamini alifanya hivyo kwa makusudi, maana mtu hutazama chini akiwa bado hajaiamini miguu yake. Nilipoinua macho nikasimama, magoti yamekunjwa, mikono imetanda vibaya kabisa, nikapelekwa hadi pale mapezi yalipogusa mchanga. Kundi lililokuwa jirani lilikuwa na mwalimu hodari, sina shaka, lakini mwanafunzi wake aliyeanguka alianguka tena kwa kosa lile lile mara kadhaa kabla mwalimu hajamfikia.

Kuanguka nako kunafundishwa. Kwa kuwa maji ni machache, mtu hujitupa ubavu au mgongo, bapa, wala hapigi mbizi. Na anapoibuka hutanguliza mikono kichwani, kwa sababu ubao uko mahali fulani karibu, umefungwa mguuni mwake, na unaweza kurudi kwa kasi. Kamba hizo zilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilivutika mno kama mpira, na Jack O'Neill, mtu aliyejulikana kwa kutengeneza nguo za kuogelea za maji baridi, alipoteza jicho moja kwa ubao uliorushwa nyuma na kamba ya aina hiyo. Za leo ni bora, ila mikono kichwani bado ni sheria. Sheria ya pili ni kutouweka ubao kati ya mwili wako na wimbi linalokuja unapotembea kuelekea baharini: mweke pembeni huyo mnyama, ama sivyo povu litakupiga nao tumboni.

Nilipoanza kusimama mara kwa mara, nilimwomba mwalimu aache kunisukuma. Alicheka, akasogea pembeni. Mawimbi yote yaliyofuata yakanipita. Sababu ni nyepesi kuieleza: wimbi lina kasi yake, na ubao lazima uikaribie kasi hiyo kabla wimbi halijapita, msukumo wa mwalimu huitoa kwa mara moja, lakini mikono yangu ilihitaji kuanza mapema zaidi, na ili nianze mapema ilinibidi nigeuke nitazame nyuma na kuamua mwenyewe lipi langu. Sikuwa na la kuamulia. Nilichokiona ni maji yanayopanda na kushuka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na matangazo mengi ya masomo haya, yanayoahidi kwamba utasimama siku ya kwanza. Utasimama, ndiyo, ukiwa na ubao mnene, bahari pole na mtu mwenye mikono yenye nguvu nyuma yako, wengi husimama. Lakini kusimama ni sehemu rahisi ambayo mwalimu anaweza kukukopesha. Kuchagua wimbi hakukopesheki, na kama hukumwomba akufundishe, utarudi nyumbani na picha nzuri bila kujua nani aliyekuwa akifanya kazi.

Basi tulikaa juu ya mbao zetu robo iliyobaki ya somo tukitazama. Alinionyesha kwamba mawimbi makubwa huja kwa mafungu, machache kwa pamoja, kisha bahari hupumzika, na kwamba utulivu huo ndio wakati wa kuvuka kwenda nje. Alinionyesha wimbi ambalo bega lake moja liko juu na lingine liko chini, ambalo litavunjika upande mmoja na kuacha njia, na lile lililonyooka kama ukuta, ambalo litaanguka lote na halifai. Akanionyesha pia ukanda mwembamba wa maji yaliyotulia, meusi kidogo, ambako hapakuwa na povu. Ningeachwa peke yangu ningeingilia hapo hapo, nikidhani ni mahali salama, kumbe ndipo maji yaliyosukumwa ufukweni yanaporudi baharini kwa mkondo. Aliyenaswa humo asishindane nao kwa kuelekea nchi kavu. Aelee, aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye ukanda huo, ndipo arudi, na mwenye ubao asiuachie kamwe. Mwisho wa kutazama huko nililiita wimbi moja mwenyewe, dogo, lililokwisha kuvunjika, nikapiga maji mapema, likanichukua. Sikujaribu hata kusimama.

Mwalimu wa mgeni mmoja si jambo jipya. Huko Waikiki, katika visiwa vya Hawaii ambako mchezo huu una mizizi ya karne nyingi, vijana wa ufukweni walikuwa wakiwafundisha wageni wa hoteli tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kutoka ufukwe huo alitokea Duke Kahanamoku, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea mita 100 mwaka 1912 na 1920, aliyeupeleka mchezo wake hadi Australia. Mwandishi Jack London alijifunza hapo mwaka 1907, akaungua na jua kiasi cha kulazwa kitandani. Nilimkumbuka nilipokuwa nikivaa fulana ya mikono mirefu ambayo mwalimu alisisitiza niivae. Kwa upande wa jua ilinifaa, na pia iliniokoa na michubuko ya sponji kifuani na tumboni, ambayo hakuna aliyenionya juu yake. Mabega yaliuma siku iliyofuata, mbavu zaidi.

Kwa anayetaka kufanya hivi, ningemshauri aulize maswali mawili kabla ya kulipa. Je, mwalimu ana mafunzo ya uokoaji majini na cheti cha ualimu, kama vile kile cha ISA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu? Na je, yuko tayari kubadilisha saa ya somo kwa kufuata maji na upepo? Anayejibu la pili kwamba saa zote ni sawa, mwache. Mimi nikichukua somo jingine nitaomba ligawanywe tofauti: tuanze kwa kukaa mchangani tukihesabu mafungu ya mawimbi, niwe mimi ninayesema lipi tungelichukua na kwa nini, kisha majini anisukume kidogo tu mwanzoni, mwili ukumbuke, na baada ya hapo mikono yake aiweke mfukoni.