Jinsi nilivyoipata mizinga ya baba porini bila mtandao

Nianze na jambo lililonikera mwaka mzima: simu haihitaji bando ili ijue ulipo. Niliambiwa kinyume chake na fundi simu wa Tabora mjini, na vijana wa bodaboda, na hata mwalimu mmoja ninayemheshimu sana. "Bila bando hiyo ni tochi tu," alisema fundi. Nilimwamini, nikapoteza safari mbili na mafuta ya pikipiki.

Marehemu baba alituachia mizinga 53 ya nyuki kwenye miombo ya kusini mwa Sikonge, upande wa Ipole. Mingine ni ya magogo, mingine ya magome, yote imetundikwa mitini na yote ina chapa yake: mikato mitatu na duara. Anayejua ilipo ni baba mdogo peke yake, na goti lake siku hizi halimruhusu kutembea kutwa. Isitoshe, sisi tunarina usiku, nyuki wakiwa wametulia, kwa hiyo hata jua la kukuonyesha mashariki huna. Miombo usiku ni mti na mti na mti.

Safari ya kwanza nilijaza bando la wiki. Sikonge mjini ramani ya Google ilifunguka vizuri, nikajiona nimemaliza kazi. Tulipoacha lami na kuingia porini, minara ikapotea na ramani ikageuka kijivu kitupu. Nilikuwa karibu kuizima nikaona kitu: kile kitone cha bluu kilikuwa bado kinatembea. Nikapiga hatua ishirini kushoto, kikaenda kushoto. Nikarudi, kikarudi. Kumbe simu ilikuwa inajua nilipo muda wote, ilichokosa ni picha ya kuweka chini ya kitone!

Baadaye nilisoma nikaelewa. Setilaiti za GPS, mfumo wa kutambua mahali ulipo, ziko juu zaidi ya kilomita 20,000, zinatuma mawimbi yao saa zote, na simu inasikiliza tu bila kutuma chochote. Ikizisikia nne au zaidi inapiga hesabu yake. Mtandao unaisaidia kuanza haraka, basi. Ukiwa huna, simama mahali pa wazi dakika kadhaa kabla hujaingia chini ya miti.

Safari ya pili nilipakua eneo lote la Sikonge kwenye hiyo hiyo ramani ya Google. Bila mtandao inakuelekeza kwa gari tu, kwa miguu haikubali, na njia zetu za porini hazikuwamo. Ndipo binamu yangu aliyeko Urambo akanielekeza programu ya ramani iitwayo Organic Maps. Ni ya bure, haina matangazo, na inachota ramani zake OpenStreetMap, ile iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea barabara au kijito. Niliipakua kwa Wi-Fi ya nyumba ya wageni mjini, nikalipa chai tu.

Baba alikuwa na daftari. Miaka ya nyuma mtu wa mradi mmoja wa nyuki alipita na kifaa cha GPS, akamwandikia namba za mizinga 11. Nikakaa mezani na daftari, nikaandika ya kwanza: 5.9412, 32.7130. Ramani ikaruka, ikatua Sudan Kusini, kilomita 1,300 na ushee kutoka nyumbani. Nikaandika ya pili, Sudan Kusini. Ya tatu, kulekule. Nilikaa karibu saa nzima nikidhani namba zote ni mbovu, roho inaniuma, maana daftari lile ni mkono wa mwisho wa baba. Halafu nikaiona herufi S ndogo, imefifia, mbele ya kila namba. Kusini! Tuko kusini ya ikweta, na simu inataka alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza. Nikaweka -5.9412 na pini ikashuka mahali pake. Tarakimu nne baada ya nukta zinakufikisha ndani ya mita 11 hivi, na kwa mzinga hiyo inatosha kabisa, ukiinua tochi unauona.

Ikabaki 42. Hapa ndipo ninapojivunia. Nilimwomba baba mdogo siku tatu tu za kiangazi, majani yakiwa yamepukutika na anga liko wazi. Nilimbeba kwa pikipiki hadi pikipiki ikagoma, kisha tukatembea polepole huku simu ikichora mstari wa kila tulipopita. Kila mzinga nikauwekea pini na jina alilolitaja yeye mwenyewe: "Mninga uliopigwa radi", "Mtundu wa pacha" (mtundu ni aina ya mti), "Alipolala nyati". Majina ya namna hiyo ukiyasoma usiku unajua uko wapi, kuliko "mzinga 14". Rangi nyekundu nikaweka kwa iliyohamwa na nyuki.

Simu niliiweka hali ya ndegeni siku nzima. GPS inaendelea kufanya kazi, na simu haimalizi chaji kwa kutafuta mnara usiokuwepo. Jioni ya siku ya kwanza nilibakiwa na chaji zaidi ya nusu. Pawabenki beba hata hivyo. Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kioo hakisikii glavu, na kidole chenye asali kinakifungua kila kitu isipokuwa unachokitaka. Ashike simu mtu ambaye harini.

Pini zote nilizitoa kama faili moja, nikamtumia mpwa wangu kwa Bluetooth tukiwa palepale porini. Mwezi uliopita alikwenda na mwenzake bila mimi wala baba mdogo. Alfajiri wakarudi na ndoo tatu. Baba mdogo alifungua kifuniko, akaonja, akauliza, "Hii ya Mtundu wa pacha?" Ilikuwa yenyewe.

Tumeshaifikia 47. Sita iliyobaki anasema iko ng'ambo ya kijito, na goti likimpa nafuu tutakwenda kabla mvua hazijaanza.