Nywele za Mama zimemkera Mjomba

Mjomba alifika Jumapili kutoka Nanyamba, na tangu siku hiyo sijatulia. Nilikuwa barazani namsuka Mama, twende kilioni kama kawaida yake. Mama yupo kwenye kemo, dawa za kuzuia uvimbe wake wa kichwani. Mjomba akaitikia shikamoo yangu, akavua kofia, akakikodolea macho kichwa cha dada yake kama anayekagua gunia la korosho ghalani.

"Mbona nywele zipo?"

"Zipo, mjomba."

"Kemo gani hiyo isiyong'oa nywele?"

"Ya kumeza, mjomba. Vidonge."

"Haya."

Akaomba maji, akanywa, akahamia kwenye habari za salfa ya mikorosho.

Hiyo "haya" imenikaa kooni. Mnajua nauli na vipimo vya Dar vilitoka kwenye malipo yake ya korosho. Jirani yake aliyetibiwa saratani alirudi kipara, anatapika, hajiwezi. Kwake hiyo ndiyo kemo. Ya kwetu inakaa kwenye kopo juu ya kabati. Hata duka la dawa waliniuliza nani nyumbani ana selimundu, maana dawa yenyewe, haidroksiurea, wao wanaijua kwa hao.

Basi wiki nzima namjibu kichwani. Nasahihisha madaftari ya darasa la tano huku namweleza: mjomba, huu uvimbe wa utando wa ubongo, meninjioma, wengi wanatolewa kwa kisu na yanaisha. Wa Mama ukarudi. Akachomwa mionzi Ocean Road, ukarudi tena, na vipimo vikasema daraja la pili kati ya matatu ya ukali. Dawa huja hapo, mwishoni, na zenyewe hazina sifa kubwa. Ulaya walijaribu trabektedini, ya mshipani hasa, kwa wenye daraja la pili na la tatu. Haikuwapa muda zaidi kuliko matibabu mengine, ila madhara yaliongezeka. Kwa hiyo mjomba, dawa kumtesa mgonjwa si dalili kwamba inamtibu. Hii ya Mama inazizuia seli kutengeneza malighafi ya DNA, zisizaliane. Daktari hakutuahidi kwamba uvimbe utayeyuka; alisema picha ya MRI ikiukuta palepale, tushukuru. Na si pipi. Namtolea nikiwa nimevaa glavu, na anapimwa damu kila mara, kwa sababu chembe nyeupe zikishuka mno inabidi isimamishwe.

Ningemwambia yote hayo, najua angesema "haya".

Mengine ya wiki hii: mwalimu mkuu kahamishiwa Tandahimba, na Zuhura kajifungua mapacha pale Ligula, wote wazima, na mimi hata kwenda kuwaona sijaenda.

Jana jioni Mama, ambaye nilidhani siku ile hakusikia kitu, akaomba simu yangu. "Mdogo wangu, kama hela yako inadai upara, nitanyoa. Ila wembe ununue wewe." Mjomba akacheka huko mpaka akapaliwa. Mama akaninyooshea vidole. Kucha zimeingia michirizi myeusi, kuanzia kwenye nyama mpaka ncha, dole gumba limezidi. Dawa hiyo. "Mwambie akija tena aanzie huku," akasema, akarudi kwenye kisamvu chake. Nilicheka nikalala mwepesi, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Asubuhi nikafumua msuko wake, nikamaliza kuchana, nikajikuta nimekigeuza kitana kwenye mwanga wa dirisha natafuta nywele. Huwa nafanya hivyo kila mara. Kikiwa kitupu nafurahi, halafu hapo hapo moyo unauliza: inafanya kazi kweli? Sasa Mjomba nimkasirikie nini?

Halafu kuna mwanangu Bakari. Anasema likizo ikiisha harudi bweni, amepata pikipiki ya mkataba pale stendi ya Mkanaledi, na mwenye pikipiki anataka jibu Jumatatu. Baba yake nampigia, hapokei.