Hana, hata akiwa hana

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mnisamehe tafakari imechelewa. Jumapili baada ya ibada nilimsikia dada mmoja akimnong'oneza mwenzake kuhusu mimi, "yule hana", yaani mtoto, na ni kweli sina, huu mwaka wa nane wa ndoa, lakini lile neno liliniingia nikarudi nyumbani chakula hakipiti.

Jumatano usiku nikafungua 1 Samweli 1. Yule mama anaitwa Hana, na sisi Waswahili tukilisikia hilo jina tunasikia kukosa, Hana hana mtoto, basi. Kumbe kwa Kiebrania maana yake ni neema, kibali! Wagiriki wakalitamka Anna, ndo yule nabii mjane wa Luka 2, na ndo akina Ana na Anne wote mnaowajua. Hata Yohana Mbatizaji mzizi ni huohuo, Bwana amefadhili, na mama yake naye watu walimwita tasa.

Wapendwa niseme hili kwa upendo ila lazima niseme. Akina Penina, yule mke mwenza mwenye watoto aliyekuwa akimchokoza Hana, tunao humu kanisani. Kila ukikutana na mwenzio ni "vipi, bado tu?", unatoa ushuhuda wa wanao huku macho yako kwake, halafu unasema nilikuwa namtia moyo, moyo gani? Na sisi viongozi wa maombi tusijifiche, Eli alikuwa kuhani, amekaa kitini palepale nyumbani mwa Bwana, akaona midomo ya mama wa watu inacheza bila sauti akamwambia umelewa. Mtu anamimina roho yake mbele za Mungu! Na huyohuyo aliyeitwa mlevi, Wayahudi mpaka leo wanasoma habari zake Mwaka Mpya wao, na walimu wao wa zamani walijifunza kwake namna ya kuomba kimoyomoyo. Kama kuna mtu umemhukumu hivyo mtafute, usingoje Jumapili.

Mimi kilichonishika ni mstari wa 18. Hana naye alikuwa hali, mumewe alimuuliza kabisa mbona huli. Sasa anamwambia Eli, mjakazi wako na aone kibali machoni pako, na hilo kibali ni neno la mzizi wa jina lake mwenyewe, yaani anaomba jina lake liwe kweli. Kisha akaenda zake akala, uso ukakunjuka. Samweli, mtoto atakayemzaa baadaye, bado hata mimba yake haijaingia, mama anakula akiwa bado hana.

Nikafunga Biblia nikaenda jikoni saa tano usiku, nikapasha chakula, nikala nikamaliza.