Tundu la mlango wa banda

"Mama, hili tundu nani alilitoboa?"

Kitinda mimba wangu aliniuliza hivyo Jumapili iliyopita, vidole vitatu vimezama kwenye plaiwudi ya mlango wa banda. Nilikuwa napiga msasa ile stuli ya jikoni. Amepita mlango huo tangu anatambaa, wala hakuwahi kuuliza. Sasa tundu linamfikia juu kidogo ya kitovu, na ukubwa wake ni kama kisanduku cha kiberiti. Nikamjibu kwamba tulilitoboa mimi na babu yake. Akaridhika, akakimbilia nje. Mimi nikabaki na msasa mkononi, stuli siioni.

Watu wakiniuliza wanunue msumeno gani wa meza kwa kazi za nyumbani huwa nawajibu haraka haraka, kwa sababu jibu lenyewe, lile refu, linaanzia kwenye tundu hilo.

Ilikuwa mwaka 2017, Jumamosi, mvua za vuli zinakaribia. Fedha ya msumeno ilikuwa imetimia, milioni moja na laki mbili za kibubu na mgawo wa kikoba. Nilikuwa nimechoka kubeba mbao hadi Buguruni, hapa hapa Dar es Salaam, kupasuliwa, nikisubiri foleni saa mbili, halafu nikifika nyumbani nazipanga na hakuna mbili zenye upana mmoja. Baba alikuja kutoka Mbagala mapema kunisindikiza. Nikamwamkia, akaitika "Marahaba, mama." Siku zote aliniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

Baba na mashine za kupasulia walijuana tangu ujana. Pale Keko alifanya kazi kwenye mashine iliyoungwa na mafundi wa kuchomelea: meza ya bati nene, miguu ya vyuma vya kona, mota ya fezi tatu inayozungusha diski kwa mkanda. Haikuwa na kinga wala kitu chochote nyuma ya diski. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili nilikuwa naenda kumsaidia kujaza maranda kwenye viroba vya wafuga kuku, na siku moja nikamwomba anifundishe kupasua. Alisema ile si kazi ya mtoto wa kike. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani. Sijui kama aliona.

Gerezani tulizunguka maduka manne. Mwisho zikabaki mashine mbili, duka moja.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, mpya, meza yake ya alumini, miguu ya kukunja. Wati 1,800, volti 230, hezi 50, yaani imetengenezwa kwa umeme kama wetu. Nyuma ya diski ilikuwa na kisu chake, kile kibati kinachopanda na kushuka pamoja na diski, kinachozuia mbao iliyokwisha kupasuliwa isijifumbe ikaibana diski. Laki saba. Ilipowashwa ilipiga kelele kama blenda iliyotiwa karanga kavu, na nikaidharau pale pale.

Ya pili ilikuwa ya mtumba, imeshuka na kontena kutoka Marekani. Meza ya chuma cha kusubu, nzito kiasi kwamba vijana wawili waliisogeza kwa kuiyumbisha upande mmoja mmoja. Diski ya inchi 10, mota inaning'inia nyuma kwa mkanda. Kibandiko cha mota kilisema nguvu ya farasi 1.5, volti 115 au 230, hezi 60, mizunguko 3,450 kwa dakika. Muuzaji alikuwa ameshaigeuza waya zitumie 230. Kuhusu zile hezi hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Baadaye nilipiga hesabu mwenyewe: mota ya aina ile hufuata hezi za umeme, kwa hiyo kwetu huzunguka karibu 2,875, na hakuna transfoma itakayobadilisha hilo. Kwa kupasua mbao inatosha. Lakini siku ile sikujua. Niliona ukubwa. Bei, milioni moja na laki moja.

Baba hakuiangalia mota. Alivua kofia yake akaiweka juu ya meza ya mashine, akapiga goti moja kwenye sakafu ya duka, akapuliza vumbi. Kwenye mfuko wa shati alitoa rula ya chuma, ile ya sentimita 30 ambayo namba zake za mwanzo zilikuwa zimefutika kwa kushikwa, ndiyo maana siku zote alipimia kuanzia 10. Akachukua penseli sikioni. Akachagua jino moja la diski akalitia alama. Akaifunga reli ya pembeni, ile ambayo mbao huegemea ikisukumwa kwenda kwenye diski, kisha akalizungusha jino lile hadi likaja mbele, upande anaosimama mtu. Akapima kutoka ncha ya jino mpaka kwenye reli. Halafu akaisukuma diski kwa kiganja, polepole kabisa, jino lile lile likaenda nyuma. Akapima tena.

Ni lazima liwe jino lile lile. Diski ikiwa imepinda kidogo, ukipima meno mawili tofauti utakuwa umepima kasoro ya diski, si ya reli. Hilo hakunieleza siku hiyo. Nililiona mikononi mwake tu, nikalielewa miaka baadaye nilipokuwa nafanya peke yangu.

Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na ukucha uliopasuka katikati tangu sijazaliwa. Ule ufa aliutumia kama mstari: alikuwa anaubana juu ya rula, namba isimpotee. Nilikuwa nimeinama ubavuni kwake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake ikipita puani. Kipimo cha mbele, ufa ukakaa pahala pake. Kipimo cha nyuma, ukasogea kurudi. Milimita moja, na kidogo zaidi ya moja. Maana yake nyuma ni pembamba kuliko mbele. Mbao inaingia njia pana na kutokea njia inayobana.

"Mm," alisema baba.

Hiyo "mm" aliitoa kwa kila jambo. Aliitoa akila, akisikiliza taarifa ya habari, akiletewa habari ya msiba. Akainua macho kwa muuzaji. "Reli hii inarekebishika?"

"Inarekebishika, mzee wangu. Ni boliti mbili tu hapo mbele."

Baba akazipapasa zile boliti. Zilikuwa na kutu. "Na kisu chake kiko wapi?"

"Hizi za zamani, mzee, kinga na kisu mara nyingi vinapotelea njiani."

Akanyamaza. Akaenda kwenye ile ndogo, akazungusha mkono wa mashine, akatazama kisu kikipanda na diski, kikishuka na diski. Akarudi. Muda wote huo mimi nilikuwa nimeweka kiganja juu ya ile meza ya chuma. Saa sita mchana, Gerezani, jua la Oktoba, na chuma kilikuwa cha baridi.

"Wewe unaionaje, mama?"

"Naitaka hii, baba."

Alinitazama. Kisha akalamba kidole, akafuta alama ya penseli kwenye jino la diski, akavaa kofia yake.

"Haya."

Tuliipakia kwenye kirikuu. Uhuru, Karume, Buguruni, hadi Tabata, baba kakaa mbele na dereva, mimi nyuma nimeishikilia mashine kama mgonjwa. Vijana wa jirani wakaishusha. Ilipofika alasiri ilikuwa imekaa bandani, mgongo wa anayeitumia ukielekea mlangoni. Baba akasema tuiache, tuifunge vizuri kesho. Nikamwomba nipasue kipande kimoja tu, nisikie sauti yake. Hakukataa. Kulikuwa na ubao wa paini, inchi moja kwa sita, urefu futi tatu, nilioununua wiki ile ile na bado ulikuwa mzito wa maji. Nikaweka reli inchi mbili. Nikawasha.

Mashine ilinguruma kwa sauti nzuri, nene. Nilishika kijiti cha kusukumia kama nilivyomwona yeye akishika. Ubao ukaingia. Baba alikuwa nyuma yangu, na ubao ulipofika nusu nikasikia mkono wake begani, ukanisogeza kushoto hatua moja, bila neno. Nikaendelea kusukuma. Mwishoni kabisa, zikiwa zimebaki kama inchi mbili, sauti ikabadilika ikawa ya kubanwa, moshi mdogo ukatoka, na kile kipande chembamba kilichokuwa kati ya diski na reli kikaondoka. Sikukiona kikiondoka. Nilisikia mlango.

Baba alizima, akachomoa plagi, ndipo akageuka. Ufito ulikuwa umeingia kwenye plaiwudi, nusu ndani nusu nje, pale pale nilipokuwa nimesimama kabla hajanisogeza. Aliuvuta ukagoma, akauyumbisha, ukatoka. Kisha akaketi juu ya kiroba cha maranda, akaniomba maji. Glasi ilimtikisika mkononi. Baba yangu, ambaye nilimwona akipasua mkongo kutwa nzima bila kupepesa.

Hakusema "nilikwambia", kwa sababu hakuwa ameniambia. Kesho yake alikuja na mafuta na spana, tukazilegeza zile boliti. Tulipima jino lile lile, mbele na nyuma, mpaka nyuma ikawa pana kuliko mbele kwa unene wa karatasi. Halafu akachonga kibao cha mkongo cha kuziba mdomo wa meza pale diski inapotokea, na nyuma yake akapachika ulimi wa mbao uliosimama: mwembamba kuliko njia inayoachwa na meno, mnene kuliko bati la diski. Aliuranda, akaujaribu, akauranda, karibu mara kumi. Ulimi huo ndio ninaoutumia mpaka leo.

Kwa hiyo mkiniuliza, nasema angalieni reli kabla ya mota. Angalieni kama kuna kisu nyuma ya diski, na kama hakuna, fungeni kitu kabla ya kuwasha, si baada. Mnaosifia zile SawStop za Marekani, zilizoanza kuuzwa 2004, zinazosimamisha diski ndani ya milisekunde tano ikigusa nyama, mna haki, na ningekuwa na uwezo ningenunua. Lakini ule ufito haukuwa mwili. Breki ile isingeamka kwa ajili yake. Kinachouzuia ufito ni reli iliyonyooka na kile kibati cha nyuma, ambacho ile mashine ya laki saba niliyoidharau ilikuwa nacho.

Hayo ni ya mashine. La baba ndilo sijalimaliza.

Aliiona ile milimita. Naapa aliiona, ufa wa ukucha wake ulisogea mbele ya macho yangu. Kwa nini alisema "haya"? Labda alijua tutarekebisha na akaona haina haja ya kunivunja moyo mbele ya muuzaji. Labda kwa mtu wa Keko milimita moja haikuwa kitu, maana mashine zao zote zilikuwa hivyo na mwili wake ulishajua pa kusimama. Au alikumbuka yule mtoto wa miaka kumi na mbili, akashindwa kumwambia hapana mara ya pili. Nikifika hapo huwa naacha kufikiri, kwa sababu kama ni hivyo, basi ilikuwa karibu sana.

Nilimuuliza mara moja, mwaka 2020, tumekaa chini ya mwembe wake Mbagala. Nikamwambia, baba, ile siku ya Gerezani ulijua reli imepinda? Alikaa muda mrefu akichokonoa chini kwa fimbo.

"Ile mbao ilikuwa mbichi," akasema.

Alitutoka mwaka uliofuata.

Jumapili, baada ya mtoto kuondoka, nilipanda juu ya kiroba nikashusha vipande viwili vilivyokuwa juu ya kenchi miaka yote hiyo: ufito ule, na ubao uliobaki. Nikaviweka juu ya meza ya mashine, nikakutanisha pale vilipopasuliwa. Kama mbao ilikuwa na mvutano ndani yake na kujifumba, ncha zitagusana na katikati kutakuwa na mwanya. Zikagusana. Katikati pakabaki mwanya, nikaingiza sarafu ya shilingi mia mbili ikapita bila kukwama.

Lakini vimekaa huko juu, chini ya bati, tangu 2017, na mbao hupinda ikikauka.